Meza ya Mapokezi Inaujua Mji Kuliko Ofisi ya Juu

Ukitaka kujua kama asasi ya kijamii inawafahamu watu inaowahudumia, usihangaike na tovuti yake wala picha zilizotundikwa ukumbini. Omba fomu ya usajili, uisome kama mgeni.

Nimekaa miaka mingi nyuma ya meza ya mapokezi ya asasi moja ya mjini, kwanza kwa kujitolea, baadaye kwa posho ambayo haikuwa mbali sana na kujitolea. Fomu niliyoikuta ilidai jina la kwanza, jina la kati na jina la ukoo. Duniani wapo watu wengi wenye jina moja tu, na wala hawajapungukiwa na kitu. Wapo ambao mtoto hufuatiwa na jina la baba, kisha la babu, kwa hiyo baba, mama na watoto wa nyumba moja wanasomeka kwenye orodha kama wapangaji wasiojuana. Tarehe za kuzaliwa nazo zina mambo yake. Pekua mafaili ya asasi inayohudumia wakimbizi, utashangaa ni wangapi wamezaliwa tarehe 1 Januari. Karani fulani, kambini au mpakani, aliambiwa mwaka peke yake, akajaza siku na mwezi ili foleni isogee.

Mama mmoja aliiinamia ile karatasi kwa muda, akaniuliza, "Mwanangu, niandike umri wangu au umri wa kwenye kitambulisho?"

"Wa kwenye kitambulisho, mama. Usije ukasumbuliwa mbele ya safari."

"Haya," akasema huku akicheka, "leo nimekuwa mdogo kuliko mdogo wangu."

Fomu ile tulikuja kuibadili. Jina likawa mstari mmoja mrefu: jaza unavyoitwa. Chini yake tukaongeza swali: kwenye hati zako umeandikwaje? Ni mistari miwili tu, lakini ilituchukua muda mrefu kuliko uchaguzi wa mwenyekiti, maana mfumo wa kompyuta wa mfadhili ulikuwa na visanduku vitatu vya jina na haukubali kisanduku kitupu. Tukawa tunajaza nukta.

Nimeanza na nukta hizo kwa makusudi. Asasi haijirekebishi kwa kaulimbiu wala kwa mpango mkakati wa miaka mitano. Inajirekebisha mezani: kwenye fomu, saa za kufungua, lugha inayosikika mlangoni, na nani amekalia kile kiti. Na kila rekebisho la namna hiyo linataka fedha ambayo haijafungwa kamba na mtu mwingine. Kwenye makongamano tunalizungumza sana la kwanza, la pili tunamwachia mhasibu.

Habari hii ni ya zamani. Mwaka 1884, mchungaji Samuel Barnett na mkewe Henrietta walifungua Toynbee Hall huko Whitechapel, mashariki mwa London. Wazo lilikuwa kwamba vijana wasomi wakaishi katikati ya maskini, wawape elimu na wao wajifunze maisha. Mmarekani mmoja, Jane Addams, akatembelea pale, akavutiwa, na mwaka 1889 yeye na rafiki yake Ellen Gates Starr wakapanga nyumba kuukuu Chicago, barabara ya Halsted, wakaiita Hull House. Majirani zao walikuwa Waitaliano, Wagiriki, Wayahudi kutoka Urusi na Poland, Wabohemia, Wajerumani, Waayalandi. Na wanawake hao wawili walianza na nini? Kusomea watu riwaya na kuwaonyesha picha za sanaa.

Sicheki. Kila asasi huanza na kile ambacho waanzilishi wake wanakipenda. Kilichoiweka Hull House kwenye historia ni kwamba walisikiliza upesi. Walikuta akina mama wanaokwenda viwandani wanawafungia watoto ndani kutwa nzima, wakafungua mahali pa kulelea watoto. Walikuta nyumba hazina mabafu, wakaweka yao, kisha wakaupigia mji kelele mpaka ukajenga bafu la umma. Takataka zilipokuwa zinaoza mtaani na waliopewa kazi ya kuzizoa hawaonekani, Addams mwenyewe akaomba, na mwaka 1895 akateuliwa kuwa mkaguzi wa takataka wa kata yao, akawa anaamka alfajiri kufuata mikokoteni.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha jiko. Walifungua jiko la umma la kuuza chakula cha bei nafuu, kilichopikwa kwa kanuni za lishe za kisayansi za wakati ule. Kwenye karatasi lilikuwa wazo safi kabisa. Watu hawakuja. Kila jamii pale ilikuwa na ladha zake, na hakuna aliyependa kula kwa sababu ameambiwa na mtaalamu kwamba kina afya. Sehemu ya mradi iliyofanikiwa ilikuwa mgahawa wa kahawa, kwa kuwa watu walihitaji mahali pa kukaa na kuongea. Addams na wenzake wakakubali, wakaendelea na hilo. Fikiria leo: andiko la mradi limeahidi sahani kadhaa kwa mwezi, viashiria vimesainiwa, halafu meneja amwandikie mfadhili kwamba chakula kimekataliwa ila viti vimependwa. Angeambiwa afanye semina ya kuhamasisha watu wale.

Lakini nisije nikawapamba kupita kiasi. Vituo vingi vya aina ile nchini Marekani, vilivyokuwa hodari kuwapokea wahamiaji kutoka Ulaya, vilisita au viligoma kabisa walipofika Wamarekani weusi waliokuwa wakihama kutoka kusini. Vingine vilihama mtaa, vingine vilifunga milango kuliko kuchanganya watu. Ndiyo maana sijali sana asasi ikijisifu kwamba inahudumia watu wa asili nyingi. Huwa nauliza ni nani aliyehamia mtaani karibuni, na yeye anaonekana pale mara ngapi.

Mtaa hausubiri asasi imalize kupanga. Si mbali na Toynbee Hall, kwenye barabara ya Brick Lane, kuna jengo lililojengwa mwaka 1743 kama kanisa la Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa. Baadaye wakasali humo Wamethodisti, mwishoni mwa karne ya 19 likawa sinagogi la Wayahudi waliotoka Ulaya Mashariki, na tangu 1976 ni msikiti, waumini wake wengi wakiwa watu wenye asili ya Bangladesh. Kuta zile zile. Toynbee Hall yenyewe ilianza kutoa ushauri wa sheria bila malipo mwaka 1898, ikaendelea kuutoa kwa zaidi ya karne moja. Waliokaa kwenye benchi la kusubiri wamebadilika kizazi baada ya kizazi, ila shida ya mwenye nyumba anayetaka kukutoa nje haijabadilika kivile.

Kitu ambacho kimebadilika ni namna watu wanavyotofautiana. Mwaka 2007 mtafiti Steven Vertovec aliandika makala iliyosomwa sana akisema kwamba kuhesabu makabila na nchi walikotoka watu hakutoshi tena kueleza mji. Mezani unaliona hilo bila kusoma makala. Wanawake wawili wanatoka nchi moja, wanaongea lugha moja, hata wamekaa pamoja kwenye benchi. Mmoja ana hati ya ukaazi wa kudumu, anatafuta kozi ya jioni. Mwenzake ombi lake la hifadhi halijajibiwa, haruhusiwi kufanya kazi, na akisikia neno "usajili" anatafuta mlango ulipo. Ukiwaweka kwenye fungu moja la "jamii ya watu wa nchi fulani", umemkosa yule wa pili. Ongeza umri, ulemavu, dini, aliyekulia shambani na aliyekulia ghorofani, utaona kwa nini ile tabia ya kumteua "kiongozi wa jamii" mmoja awasemee wote inaleta matatizo. Kiongozi huyo mara nyingi ni mwanamume mwenye umri mkubwa, anayejua kuongea na maofisa, na mambo ya mabinti wa miaka kumi na saba hayamfikii. Au yanamfikia na anayanyamazia.

Hapo ndipo suala la ukalimani linapokuwa gumu kuliko watu wa ofisi ya juu wanavyodhani. Wao hufikiri ni kutafuta mtu anayejua lugha mbili. Sisi tulipokosa mkalimani, mzazi alikuja na mwanawe. Mtoto anaijua lugha ya mji kwa sababu ya shule, kwa hiyo ndiye anayefasiri barua ya kufukuzwa nyumba, matokeo ya vipimo vya mama yake, na mara nyingine maneno ambayo hakupaswa kuyasikia. Nimemwona kijana mdogo akisita, akimtazama mama yake, kisha akasema kwa kifupi sana kile ambacho mama alikieleza kwa dakika nzima. Mtumishi akaandika kile kifupi kwenye faili.

Basi unaleta mkalimani mtu mzima kutoka jamii hiyo hiyo. Sasa tatizo ni kwamba jamii ni ndogo. Mwanamke anayepigwa nyumbani anamwona mkalimani anayesali na mumewe mahali pamoja, anafunga mdomo, anasema alikuja kuulizia madarasa ya kushona. Kwa mambo ya namna hiyo, mkalimani wa simu aliye mji mwingine, asiyemwona sura wala kujua jina lake, ni bora kuliko jirani mwenye huruma. Kwa mambo mengine ni kinyume kabisa: mzee anayetaka kuelezwa mafao yake anamhitaji mtu anayemfahamu, akae naye, amrudie mara mbili tatu. Hakuna kanuni moja. Mtu wa mapokezi ndiye anayenusa ni lipi linafaa, na ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote jengoni.

Saa za kufungua sitazikalia sana. Anayesafisha maofisi usiku amelala asubuhi; anayelea watoto anapumua wakiwa shuleni; dereva wa teksi yupo huru katikati ya mchana. Asasi inayofungua saa mbili hadi saa kumi, Jumatatu hadi Ijumaa, imechagua tayari itamhudumia nani, hata kama haikukaa kikao kuchagua.

Matangazo pia. Tumezoea kufasiri kipeperushi kwa lugha sita na kukibandika ukutani, kana kwamba kila mtu anayeongea lugha anaisoma. Wapo wengi ambao lugha yao ya nyumbani hawakuwahi kufundishwa kuiandika. Mwaka 2020, korona ilipofunga milango, asasi nyingi ziligundua kwamba ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp unafika mahali ambapo kipeperushi hakifiki. Sauti ya mtu anayefahamika, dakika moja, lugha ya kawaida, inasambazwa kutoka simu hadi simu. Uovu wake ni kwamba uzushi nao unasafiri kwa barabara hiyo hiyo, na huwezi kuona umeingia kundi gani. Ila tulipojibu uzushi kwa sauti ya mkunga mstaafu ambaye watu walimjua, jibu lilitembea. Barua yenye nembo haikutembea.

Kuna swali kubwa zaidi, la jinsi ya kuwafanya watu wasiofanana wafanye jambo pamoja. Mfano unaonifungua macho ni wa Karachi, Pakistan. Mwaka 1980 Akhtar Hameed Khan, mzee aliyekwisha kufanya kazi ya vyama vya ushirika vijijini kwa miaka, alikwenda Orangi, makazi makubwa yasiyopangwa, akaanzisha mradi ulioitwa Orangi Pilot Project. Orangi ilikuwa na kila aina ya watu: waliohamia kutoka India, Wabihari waliotoka iliyokuwa Pakistan Mashariki (Bangladesh ya leo), Wapashtuni, Wapunjabi, Wabaluchi. Haikuwa picha ya umoja. Mwaka 1986 machafuko ya kikabila yaliua watu wengi humo humo. Khan alizunguka muda mrefu akiuliza, na majibu yakamwelekeza kwenye maji machafu yaliyokuwa yakitiririka milangoni.

Hakuunda kamati za makabila. Kipimo chake kilikuwa uchochoro mmoja, nyumba 20 hadi 30. Waliokaa kwenye uchochoro huo wakamchagua mtu wao, wakachangishana fedha, wakachimba na kulaza mabomba wenyewe, mradi ukiwapa ramani, vifaa na fundi wa kuelekeza. Serikali ikaachiwa yale ambayo uchochoro hauwezi: mifereji mikuu na mitambo ya kusafisha. Bomba halijali lugha ya nyumba iliyo juu yako. Nyumba hiyo isipochangia, uchafu wake unashuka kwako. Gharama zikashuka mno ukilinganisha na zile za makandarasi wa mji. Baadaye Perween Rahman, msanifu majengo aliyeuongoza mradi, alichora ramani za makazi na mifereji kwa miaka mingi, na kuzitumia kutetea watu wasinyang'anywe ardhi. Aliuawa kwa risasi Machi 2013. Kazi hii si ya kupeana vyeti tu.

Nikiwa kwenye semina nikasikia mtu anasema tuandae "siku ya tamaduni" ili kujenga mshikamano, huwa nakumbuka mabomba ya Orangi. Siku ya tamaduni ni nzuri, watu wanapendeza, picha zinapatikana kwa ajili ya taarifa ya robo mwaka. Lakini majirani waliowahi kudaiana mchango wa ngazi zinazovuja wanajuana kwa namna ambayo ngoma haiwapi.

Kuhesabu watu nako kuna pande mbili. Mumbai, mwaka 1985, wanawake waliokuwa wakiishi kando ya barabara, wakisaidiwa na asasi ya SPARC iliyoanzishwa mwaka uliotangulia, walihesabu kaya zao, zaidi ya 6,000, wakati mji ukitishia kuwavunjia vibanda. Mpaka hapo kwenye orodha za mji walikuwa kama hawapo. Takwimu zikawa zao, wakaenda nazo mezani kwa maofisa. Orodha ile ile ikikusanywa na watu wengine inaweza kuwa mtego. Asasi inayoandika nani ana hati na nani hana, halafu ikaiweka kwenye kompyuta ambayo mfadhili au ofisi ya serikali ina nywila yake, imewatia watu hatarini hata kama nia yake ni njema. Msimamo wangu hapa ni mkali kidogo, na wenzangu wanalijua hilo: swali ambalo jibu lake halibadilishi huduma utakayompa mtu, usimuulize.

Na sasa fedha. Hull House niliyoitaja, iliyojipatia jina duniani, ambayo mwanzilishi wake alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1931, ilikuwa na mwisho ambao hausimuliwi sana. Miaka ya 1960 majengo yake mengi yalibomolewa kupisha chuo kikuu, nyumba yenyewe ikabaki makumbusho. Shirika likatawanyika mitaani na kuendelea na kazi. Kadiri miaka ilivyokwenda, sehemu kubwa kabisa ya mapato yake ikawa mikataba ya serikali. Uchumi ulipoyumba mikataba ikapungua, na wahitaji wakaongezeka. Januari 2012 likafungwa, likafilisika, baada ya zaidi ya miaka 120. Wafanyakazi walipewa taarifa ya ghafla. Nyumba ya kumbukumbu bado ipo, unaweza kuitembelea. Ila huduma za malezi ya watoto na za wanawake waliopigwa ilibidi ziangukie kwa wengine au zipotee.

Yapo mengi ya kulaumu pale, na sitadai kwamba fedha ya masharti peke yake ndiyo iliyoua. Lakini nimeona kwa karibu inavyofanya kazi. Fedha ya mradi inakuja na walengwa wake: vijana wa umri huu, wanawake wa kundi lile, wakimbizi waliofika ndani ya kipindi fulani. Anaingia mtu ambaye hayumo. Ama unamkatalia, ama unambandika jina la mradi lisilo lake, ama unamhudumia kimyakimya kwa muda wa mfanyakazi anayelipwa kwa jambo jingine. Asasi nyingi nzuri zinaishi kwa hii njia ya tatu, na wakaguzi wa hesabu hawaipendi. Kuna wafadhili wachache walioanza kutoa ruzuku ya miaka kadhaa isiyofungwa kwenye shughuli moja, na tofauti inaonekana mapema: asasi inaweza kusogeza saa, kumwajiri mkalimani, kufuta mradi ambao watu wameukataa bila kuutafutia maelezo. Wengi bado wanahesabu gharama za uendeshaji kama ubadhirifu, kana kwamba mtu wa mapokezi ni pambo.

Kuhusu nani anakaa kwenye bodi, nitakuwa mfupi. Kumweka mwakilishi mmoja wa wahudumiwa kati ya wataalamu kumi na wawili, vikao vikiwa mchana na makabrasha yakiwa kurasa mia, ni kumtesa. Walipeni nauli, leteni mtu wa kulea watoto wao, wawe zaidi ya mmoja ili wakigeuka wamwone mwenzao. Na kabla ya bodi, tazameni ajira. Pale kwetu mambo yalianza kwenda vizuri tulipomwajiri kwenye meza ya mbele dada aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza hiyo. Hakuwa na cheti tulichokuwa tukikidai kwenye tangazo la kazi. Alijua nani anakuja kuuliza jambo dogo ili apime kama anaweza kuuliza kubwa, akawa anawaacha wakae, anawapa maji, harukii faili.

Mwaka huu, kwenye andiko la mradi, tumeweka kasma ya ukalimani wa simu, tukaiandika juu ya kasma ya fulana za uzinduzi. Mfadhili amerudisha maswali mawili, yote ya fulana.